Mwezi Mwandamo: Darubini ni Mwongozi, Shahidi ni Jicho

Kila ifikapo siku ya 29 ya Shaaban, na tena siku ya 29 ya Ramadhani, mji wa Lamu huwa na suala moja tu la kuulizana. Barazani, forodhani, dukani na jikoni, suala ni lile lile: mwezi umeandama? Zamani suala hilo lilijibiwa na mtu aliyesimama juu ya dari, au juu ya vilima vya mchanga vya Shela, uso wake ameuelekeza magharibi. Siku hizi hujibiwa na simu iliyo mfukoni, nayo simu yaweza kuleta majibu matatu kwa wakati mmoja: Makka wameona, Tanzania hawajaona, na Kadhi Mkuu bado hajasema. Matokeo yake sote twayajua. Katika nyumba moja, baba yuko katika saumu na mwana amekula Idi. Katika mtaa mmoja, msikiti huu waleta takbiri na ule wasali tarawehe.

Hatukusudii katika ukurasa huu kuingia katika mjadala wa mwezi wa wapi ufuatwe. Wenye elimu wapo, na vitabu vipo. Tunakusudia kuzungumza juu ya chombo. Madukani siku hizi hupatikana darubini za macho mawili za bei ya kadiri. Si zile za kuchezea watoto, wala si zile ambazo mtu auze ng'ombe ndipo azipate. Tumeipata moja, tumeitia majaribuni, na hapa twaeleza tuliyoyaona. Je, chombo hiki chaweza kumsaidia Mwislamu wa Lamu kuuona mwezi? Na kama chaweza, msaada wake waishia wapi?

JINA NA ASILI YAKE

Neno lenyewe tumelipata kwa Waajemi. Kwao "dur" ni mbali, na "bin" ni kuona. Ukiyaunganisha wapata kionambali. Waswahili walipokuja kuhitaji jina la kile chombo cha kutazamia vijidudu, walilitunga kwa mfano wa hilo, wakakiita hadubini.

Darubini ya kwanza iliyoandikiwa habari ni ya fundi wa miwani wa Uholanzi, Hans Lippershey, aliyeomba hati ya kumiliki uvumbuzi wake mwaka 1608. Mwaka uliofuata Galileo wa Italia alijitengenezea yake, akaielekeza mbinguni, akaona kuwa uso wa mwezi una milima na mabonde. Lakini elimu ya kioo na nuru haikuanzia hapo. Kiasi cha miaka 600 kabla yao, Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyeishi Kairo, aliandika Kitab al-Manadhir, na humo akathibitisha kuwa jicho halitoi nuru kwenda kwenye kitu, bali nuru ya kitu ndiyo iingiayo jichoni. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini na wanazuoni wa Ulaya wakakisoma kwa karne nyingi. Kwa hivyo Mwislamu ashikapo darubini asidhani ameazima chombo cha watu wasiomhusu. Sehemu ya mtaji ni ya babu zake katika elimu.

NAMBA MBILI

Mnunuzi wa darubini huona namba mbili zimeandikwa juu yake, mathalan 7x50, au 10x50, au 8x21. Wengi hudhani kuwa namba kubwa ndiyo bora. Sivyo. Namba ya kwanza ni mara ngapi kitu chakuzwa. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Kioo kipana huingiza nuru nyingi, na kioo chembamba huingiza chache. Ukiigawa namba ya pili kwa ya kwanza wapata upana wa mwali wa nuru utokao nyuma na kuingia jichoni. Kwa 7x50 ni milimita 7. Kwa 10x50 ni milimita 5. Kwa 8x21 haifiki hata milimita 3. Ile 8x21 ndogo ya kutia mfukoni yafaa kutazamia mpira mchana, lakini giza la maghribi likianza, yenyewe huwa ya kwanza kulala.

Mboni ya jicho la kijana hupanuka gizani mpaka kiasi cha milimita 7. Mboni ya sisi tuliopita miaka 50 mara nyingi haizidi 5. Isitoshe, wakati wa kuandama mwezi mbingu bado ina nuru, na mboni haijapanuka yote. Ndiyo maana tulichagua 10x50 na si 7x50: nuru yote itokayo katika kioo yaingia jichoni, haimwagiki, na hilali yakuzwa zaidi. Aibu ya 10x50 ni kuwa hutetemeka mikononi, maana kila mtetemo wa mkono nao wakuzwa mara 10. Dawa yake ni nyepesi: iegemeze juu ya ukuta wa dari, au juu ya ncha ya upondo uliosimikwa mchangani.

ADABU YA KIWANJA CHA SHABAHA

Kabla ya kusimulia majaribio yetu, twaomba kuchukua funzo kwa watu wengine watumiao darubini, nao ni wenye bunduki. Darubini ya bunduki ni ndugu wa hii yetu. Ni bomba moja badala ya mawili, na ndani yake mna nyuzi mbili zilizokingamana ili kumwonyesha mlengaji pa kupiga. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na bunduki ina leseni na masharti yake. Kwa hivyo raia aliye na bunduki na darubini yake hulenga katika kiwanja cha shabaha, si porini.

Mtu huyo akinunua darubini mpya haiamini kwa kuwa ni mpya. Huifunga juu ya bunduki, akaenda kiwanjani, akaweka shabaha umbali wa mita 100, akapiga risasi tatu. Akiona zimeangukia kushoto au chini, huzungusha vifundo viwili vilivyo juu na ubavuni. Katika darubini nyingi kila mlio mmoja wa kifundo huhamisha pigo kwa kiasi cha milimita 7 katika umbali huo. Kisha humtia mtihanini zaidi huyo mgeni wake: huzungusha juu milio kadhaa, kulia vile vile, chini vile vile, na kushoto vile vile, akipiga kila pembe. Zamu ikitimia, risasi ya mwisho sharti irudi pale ilipopiga ya kwanza. Isiporudi, darubini hiyo ni mwongo, hata kama imeuzwa kwa bei kubwa.

Sisi tunaotafuta mwezi hatuna haja na bunduki, na darubini yake haitufai: ikikuza mara 9 huonyesha kipande cha mbingu cha kiasi cha digrii 2 tu, na kutafuta hilali kwa kipande hicho ni kama kutafuta sindano kwa kuchungulia tundu la ufunguo. Lakini adabu ile ya kiwanjani yatufaa sana. Usiamini chombo mpaka ukijaribu kwa kitu unachokijua. Na usijiamini mwenyewe mpaka urudie pigo lako.

MAJARIBIO YA MCHANA

Kiwanja chetu kilikuwa ni mlango wa bahari ulio baina ya Lamu na Manda. Asubuhi, jua likiwa nyuma ya Manda, tuliitazama ng'ambo. Katikati ya kioo mambo yalikuwa safi: mizizi ya mikoko yahesabika, kamba ya tanga yaonekana ilipofungwa kwenye foromali, na jina la mashua lasomeka kabla mashua haijawa karibu. Pembezoni mwa kioo picha yalegea kidogo, na pale tanga jeupe linapokutana na mbingu hutokea ukingo mwembamba wa zambarau. Hiyo ndiyo bei ya kadiri. Ukitaka usafi mpaka ukingoni, toa fedha mara tano. Kwa kazi ya mwezi haina dhara, maana hilali huitia katikati.

Jaribio la pili ni la macho mawili. Darubini ya macho mawili ni darubini mbili zilizooana, na ndoa yao hujaribiwa hivi: tazama mlingoti ulio mbali, kisha vuta macho nyuma polepole. Mlingoti ukigawanyika ukawa miwili, mmoja juu na mwingine chini, basi bomba hizo hazielewani, na atakayeitumia usiku mmoja ataamka na kichwa kinauma. Yetu ilifaulu. Mwenye kununua afanye jaribio hili dukani kabla hajatoa fedha, kwa kutazama antena au ncha ya mnara, maana darubini ikianguka mara moja wakati wa kuletwa, ndoa huvunjika.

Jaribio la tatu ni la usiku. Elekeza kwenye nyota. Nyota katika kioo kizuri ni nukta, si mkia wala si ua. Na kama sayari ya Mushtarii iko juu, iegemeze darubini vizuri uitazame: pembeni mwake utaona vinukta vidogo vimejipanga kama shanga, navyo ni miezi yake minne mikubwa, ile ile aliyoiona Galileo mwaka 1610. Aliyeweza kuviona hivyo kwa darubini yake ajue kuwa kioo chake ni kizima na mkono wake umetulia. Yetu ilionyesha vitatu usiku ule. Chaweza kuwa cha nne kilikuwa mbele au nyuma ya sayari yenyewe, maana ndivyo vilivyo, havikai mahali pamoja.

Neno la tahadhari kwa wakazi wa Lamu: nchi yetu ina walinzi wake, na Magogoni upande wa bara kuna kambi ya wanamaji. Mtu aliyesimama pwani na darubini ameielekeza kambini atajitafutia masuala asiyoyahitaji. Mwenye darubini amwarifu chifu wake, aielekeze mbinguni, na atakuwa salama.

HESABU YA HILALI

Sasa twende kwenye shabaha yenyewe. Mwezi huliacha jua na kulirudia, kwa wastani, kila siku 29, saa 12 na dakika 44. Ndiyo sababu mwezi wetu wa Kiislamu huwa na siku 29 au 30, hauwi na 28 wala 31. Tokea wakati mwezi na jua vinapokutana, mwezi hujitenga na jua kwa kiasi cha nusu digrii kila saa. Na nusu digrii ndio upana wa mwezi wenyewe utuonekanavyo. Basi kila saa mwezi husogea hatua moja ya mwili wake.

Kutoka hapo kila mtu aweza kupiga hesabu. Ikiwa mkutano umekuwa alfajiri, saa 12 kabla ya jua kuzama, basi jua likizama mwezi umejitenga kwa digrii 6 hivi. Ikiwa mkutano umekuwa saa 20 kabla, umejitenga digrii 10, na digrii 10 ni upana wa ngumi ya mkono ulionyooshwa mbele ya uso. Sisi wa Lamu tuko karibu na mstari wa ikweta, kiasi cha digrii 2 tu kusini yake, kwa hivyo jua na mwezi kwetu huanguka karibu wima. Kila digrii moja ya urefu wa mwezi juu ya upeo ni kama dakika 4. Mwezi wa digrii 10 utazama kiasi cha dakika 40 baada ya jua. Hii ni neema, maana watu wa nchi za kaskazini ya mbali mwezi wao huweza kulala ubavuni mwa jua na kuzama nalo.

Je, ni mwezi wa umri gani uwezao kuonekana? Mwanafalaki wa Kifaransa, André Danjon, katika miaka ya 1930 alitambua kuwa mwezi ukiwa chini ya digrii 7 hivi kutoka kwenye jua, ule uzi wake wa nuru hukatika na kutoweka. Mwaka 1990 Mmarekani Stephen James O'Meara aliuona kwa macho matupu mwezi wa umri wa saa 15 na dakika 32, na ikawa ni ajabu ya kuandikwa. Mwaka 2002 Mwajemi Mohsen Mirsaeed aliuona wa saa 11 na dakika 40, lakini kwa darubini kubwa ya kukuza mara 40 yenye vioo vya milimita 150. Indonesia, Malaysia, Brunei na Singapore, ambako Waislamu wengi ni wa madhehebu ya Shafii kama sisi, zilikubaliana mwaka 2021 kuwa hilali haitarajiwi ila iwe na urefu wa digrii 3 juu ya upeo na umbali wa digrii 6.4 kutoka kwenye jua.

Tumeziandika namba hizi kwa sababu moja. Mtu akija mbio msikitini akasema ameuona mwezi wa umri wa saa 5 kwa macho matupu, huyo hakuuona mwezi. Ameona kijiwingu, au mstari wa moshi wa ndege, au ameona tamaa yake. Hatusemi kuwa ni mwongo. Husimuliwa kuwa Anas bin Malik, naye ni katika masahaba watukufu, alipokuwa mzee wa karibu miaka 100 alitoka na watu kutafuta mwezi akasema, naona. Kadhi Iyas bin Muawiya akamtazama, akaona unywele mweupe wa nyusi umepinda mbele ya jicho lake. Akauweka sawa kwa upole, kisha akamwuliza, waonaje sasa? Akajibu, sioni. Ikiwa sahaba hakutuhumiwa uwongo, na sisi tusiwatuhumu jirani zetu. Lakini Kadhi Iyas hakuacha kuuliza, na sisi tusiache.

JIONI YA SIKU YA 29

Mji wa Lamu umeelekea mashariki. Forodhani, mahali tupendapo kukusanyika, ndipo mahali pabaya kabisa pa kutafutia mwezi, maana jua huzama nyuma ya mji na nyumba zote zakinga. Yafaa mtu apande dari refu lisilozibwa, au aende Matondoni na Kipungani upande wa magharibi wa kisiwa, ambako mikoko ya bara yala kidogo tu ya upeo, au apande vilima vya Shela. Tulikwenda Shela, jioni ya siku ya 29 ya mwezi usiokuwa wa saumu wala wa Idi. Vilima vile ndivyo viwekavyo maji matamu ya kisiwa chetu chini ya mchanga wake, kwa hivyo tulikwenda wachache, bila ya kuchimba wala kung'oa majani.

Jua la Lamu huzama kiasi cha saa kumi na mbili na dakika 20 jioni, likizidi au likipungua robo saa kwa majira. Sheria ya kwanza ya darubini, na aisikie kila mzazi: haielekezwi magharibi hata kidogo mpaka jua liwe limezama lote. Kioo kikusanyacho nuru ya nyota hukusanya na moto wa jua, na jicho lililochomwa halirudi.

Jua lilipogusa upeo tulisimika miti miwili, mmoja karibu na mmoja mbele yake, tukailinganisha na pale jua lilipotulia. Huko ndiko kulenga. Mwezi haukai ovyo mbinguni: huwa juu ya pale jua lilipozamia, ukikengeuka kidogo kushoto au kulia kwa majira na kwa njia yake. Mtu asiye na miti miwili hupepesa darubini mbingu nzima, na darubini yetu huonyesha kiasi cha digrii 6 tu kwa mara moja. Mtu mwenye miti hupandisha kioo polepole kutoka kwenye ncha zake, akarudi, akapandisha tena hatua moja kando.

Tulijigawa makundi mawili, wenye darubini na wenye macho matupu. Dakika 12 baada ya jua kuzama, kijana aliyekuwa na darubini alinyamaza, kisha akasema, "Maalim, naiona." Hakupewa mkono wa hongera mara moja. Aliulizwa: pembe zake zatazama wapi? Akasema, juu, na kidogo kusini. Jawabu hilo lilikuwa sawa, maana kwetu karibu na ikweta hilali huelea kama dau lililobebwa na maji, tumbo lake likiwa upande wa jua. Anayesema pembe zilitazama chini, huyo hana mwezi. Darubini ikapewa wa pili na wa tatu bila ya kuambiwa neno, nao wakajibu vile vile.

Hapo ndipo tulipopata tulilokuja kulitafuta. Wale wa macho matupu walikuwa hawajaona kitu. Tulipowaonyesha mahali, juu kidogo ya ncha ya mti wa pili, haikupita dakika nne ila mmoja wao aliiona kwa jicho lake, kisha mwingine, na mbingu ilipozidi kuwa nyeusi wakaiona wote isipokuwa mzee mmoja. Mwezi ulikuwa pale tangu mwanzo na macho yalikuwa mazima. Lililokosekana lilikuwa ni kujua pa kutazama.

USHAHIDI NI WA NANI?

Wako wanaosema kuwa mwezi wa darubini haukubaliki, kwa kuwa amri ya Mtume, rehema na amani zimshukie, ni kufunga kwa kuuona na kufungua kwa kuuona, na ukifunikwa na mawingu zitimizwe siku 30. Wako wanaosema kuwa kioo hakiumbi mwezi, chalisaidia jicho tu kama miwani imsaidiavyo msomaji wa Kurani. Baraza la Wanazuoni Wakubwa la Saudi Arabia mwaka 1983 lilikubali kuona kwa darubini, ingawa halikulifanya kuwa ni lazima. Sisi si watoa fatwa. Lakini jioni ile ya Shela yatuonyesha njia ambayo makundi haya mawili yaweza kukutana: darubini iwe mwongozi, na jicho liwe shahidi. Kioo kitafute, kikishapata, jicho tupu lielekezwe papo hapo, na atakayekwenda mbele ya kadhi awe yule aliyeona kwa jicho lake. Likishindwa jicho, yaandikwe yaliyoonekana kwa kioo, na wenye elimu waamue.

Kuna na faida nyingine isiyotajwa sana. Darubini husaidia kuona, na husaidia pia kukanusha. Mtu akipiga kelele kuwa aona mwezi, kioo kikielekezwa pale alipoonyesha kikatoa wingu, mambo yamekwisha kwa amani, na mtu amerudi nyumbani bila ya kiapo cha makosa shingoni mwake. Katika madhehebu yetu shahidi mmoja mwadilifu atosha kuingiza Ramadhani, na wawili kuingiza Shawwal. Basi neno la mtu mmoja laweza kuwafungisha maelfu. Mzigo kama huo haufai kubebwa na mtu ambaye hutazama mwezi mara mbili kwa mwaka.

Na hapo ndipo penye msiba wetu. Sisi watu wa mwambao twajisifu kuwa twafuata mwezi wa kwetu, na hoja yetu ni ile habari ya Kuraib, aliyetoka Sham ambako mwezi ulionekana usiku mmoja kabla ya Madina, na Ibn Abbas akakataa kuufuata mwezi wa Sham. Hoja ni nzuri. Lakini Ibn Abbas alisema hivyo kwa kuwa watu wa Madina walitoka, wakatazama. Sisi hatutoki. Jioni ya siku ya 29 tumekaa chini ya taa, tukingoja simu itwambie. Asiyetazama hana mwezi wa kwao wa kuutetea. Anangoja mwezi wa watu, kisha abishane nao.

Aliye na bunduki hupeleka darubini yake kiwanjani mara kwa mara, maana ajua kuwa mkono usiozoea haupigi. Na sisi twapendekeza hivi. Kila msikiti wa Ijumaa katika visiwa vyetu, Lamu, Shela, Matondoni, Pate, Siyu, Faza na Kizingitini, uwe na darubini moja ya 7x50 au 10x50. Ikichangiwa na waumini haitamwumiza mtu. Ikabidhiwe kwa maalimu wa madrasa. Itunzwe kwa adui wake wa hapa, nao ni chumvi na unyevu: ifutwe kwa kitambaa laini cha pamba kilicholoweshwa maji matamu, si kwa upindo wa kikoi wenye mchanga, na iwekwe katika sanduku linalofunga pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja katika masanduku ya viatu, la sivyo mwaka mmoja tu ukungu utaota ndani ya kioo.

Kisha itumike kila mwezi, miezi yote 12, si Shaaban na Ramadhani peke yake. Na liwepo daftari. Vijana wa kiume na wa kike waandike humo siku, saa ya jua kuzama, hali ya mawingu, nani ameona, dakika ngapi baada ya maghribi, kwa kioo au kwa jicho, na pembe zilielekea wapi. Jioni ya mawingu waandike kuwa ni mawingu. Hilo nalo ni habari ya kweli. Baada ya mwaka mmoja watakuwa na mistari 12. Ramadhani ikifika, atakayesimama mbele ya kadhi atasimama na daftari lake mkononi, na kadhi atakuwa na la kumwuliza.

Hatuahidi kuwa hayo yatamaliza Idi mbili katika nyumba moja. Darubini haiwezi kuamua iwapo mtu wa Lamu afuate mwezi wa Lamu au wa Makka; hiyo si kazi ya kioo. Lakini atakayesema kuwa mwezi wa kwetu haukuonekana, aseme hivyo kwa kuwa alikuwa juu ya dari, ametazama, na ameandika. Siku ya 29 ijayo haiko mbali. Aliye na darubini aitoe, na asiye nayo achukue miti yake miwili. Macho bado anayo.